Kuanza kukimbia ukubwani: mwendo punguza, klabu wahi

Watu wazima wengi wakiamua kuanza kukimbia wanafanya mambo mawili kinyume kabisa, kukimbia wanaanza kwa haraka alafu klabu ya wakimbiaji wanachelewa. Siku ya kwanza mtu anatoka mbio kama kafumaniwa, dakika ya tatu kashika kiuno, anarudi ndani anasema mwili wangu haukuumbwa kwa hii kitu. Ukimwambia basi njoo klabu anakujibu ngoja kwanza nipate pumzi, nikishakuwa fiti ntakuja. Na huko kwenye ufiti hafiki, maana anakimbia peke yake, spidi isiyo yake, bila mtu wa kumwambia punguza.

Afya kwanza, kwa kifupi. Kama una presha, kisukari, historia ya ugonjwa wa moyo, au ukipanda ngazi tu kifua kinabana, muone daktari kabla ya kuanza, hapa sitanii. Na siku yoyote ukiwa unakimbia ukasikia maumivu ya kifua au kizunguzungu au unaona kama unataka kuzimia, simama, hiyo sio ya kukaza roho. Wengine wote, hata kama mara ya mwisho kukimbia ilikuwa shuleni, unaweza kuanza. Priscilla Welch wa Uingereza alikuwa mvutaji sigara, akaanza kukimbia akiwa kashapita miaka 30, na mwaka 1987 akashinda maratoni ya New York ana miaka 42. Sisemi utashinda New York, nasema umri peke yake usiufanye kisingizio.

Vifaa usivitukuze. Unahitaji viatu vya kukimbilia, sio raba yoyote ya kutokea, na ukivijaribu vijaribu jioni maana miguu inavimba kidogo mchana kutwa, uache nafasi kama ya upana wa dole gumba mbele ya vidole, la sivyo utapata malengelenge na kucha nyeusi. Kwa wanawake sidiria ya michezo inayoshika vizuri ni muhimu sawa na viatu, isiwe ya kubahatisha. Sehemu zinazosuguana, mapajani na kwapani, paka mafuta mazito kabla ya kutoka. Saa ya kupima mapigo ya moyo, miwani, mkanda wa chupa, hivyo vyote subiri, utavinunua ukishajua kweli unaendelea. Viatu vyenyewe watu wengi wanavibadilisha baada ya kama kilomita 500 hadi 800.

Sasa mazoezi yenyewe. Mpango uliotumiwa na watu wengi sana duniani ni ule wa Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi mpaka kilomita 5, alioutunga Josh Clark mwaka 1996, akimfikiria mama yake ambaye hakuwa mkimbiaji, kwahiyo sio mpango wa vijana wenye vigimbi. Ni wiki 9, siku tatu kwa wiki. Siku ya kwanza unatembea kwa kukaza mwendo dakika 5, alafu unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo hivyo mpaka dakika 20 ziishe. Basi, umemaliza, nenda kaoge. Kila wiki vipande vya kukimbia vinarefuka na vya kutembea vinapungua mpaka wiki ya 9 unakimbia dakika 30 bila kusimama. Wiki ikikushinda irudie, hata mara mbili, hamna mtu anayekusahihishia. Siku tatu zenyewe usizifuatanishe, acha angalau siku moja katikati, na usijaribu kulipia siku uliyoikosa kwa kukimbia mara mbili kesho yake.

Mpango unaweza kuufuata vizuri kabisa na bado ukashindwa, kwasababu mpango unakwambia dakika ngapi ila haukwambii spidi gani. Kipimo cha spidi ni mdomo. Ukiwa unakimbia uweze kumsimulia mtu ulichofanya jana, sentensi nzima mpaka nukta, bila kukatiza katikati kutafuta hewa. Ukiona unajibu kwa neno moja moja tayari umezidisha, punguza. Na ukipunguza bado unahema, punguza tena, mpaka uone aibu, mpaka mtu anayetembea kwa haraka akaribie kukupita. Hiyo ndo spidi yako ya sasa na ndo spidi ya karibu mbio zako zote za miezi ya mwanzo. Hata wakimbiaji wakubwa wa dunia sehemu kubwa ya mazoezi yao wanakimbia taratibu, ila taratibu yao kwetu sisi ni mbio za kufa na kupona kwahiyo hatuioni.

Kingine kinachofanya nisisitize utaratibu ni kwamba mwili haujengeki wote kwa pamoja. Pumzi na moyo vinaboreka ndani ya wiki chache tu, lakini mifupa na kano, zile kamba zinazoshika misuli kwenye mfupa, zinachukua miezi. Ndo maana watu wengi hawaumii wiki ya kwanza, wanaumia baada ya mwezi au miwili, pale wanapoanza kujisikia wako vizuri, pumzi ipo, wanaongeza spidi na umbali kwa mpigo, alafu goko linaanza kuuma au kisigino kinachoma asubuhi ukishuka kitandani. Ukijiona una nguvu sana ongeza kimoja tu, umbali au siku, spidi iache ilipo.

Maumivu yapo ya aina mbili na ni vizuri uyajue mapema. Misuli ya miguu yote miwili kuuma kesho yake au kesho kutwa, mapaja mazito, unashuka ngazi unaguna, hiyo ni kawaida na inaisha yenyewe. Ila maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, ya mguu mmoja tu, yanayozidi kadri unavyokimbia au yanayokufanya uchechemee, hayo acha kukimbia siku kadhaa, na yasipopoa muone mtaalamu. Kichomi cha ubavuni kinachokubana ukiwa unakimbia nacho kinawatisha wengi lakini hakina madhara, punguza mwendo, vuta pumzi ndefu, na siku nyingine usikimbie tumbo likiwa limejaa.

Haya, klabu. Usisubiri wiki ya 9. Kama klabu ina grupu la wanaoanza, nenda hata leo, maana grupu hilo limetengenezwa kwa mtu asiyeweza kukimbia dakika mbili. Kama haina, nenda ukishaweza kufika kama dakika 20 kwa kuchanganya na kutembea.

Ila klabu zinatofautiana, na hapa wengi wanaangukia pabaya. Ipo klabu ya riadha yenye kocha, uwanja na mashindano, na lipo grupu la watu tu wanaokutana kukimbia na kupiga stori. Zote nzuri. Cha kuangalia sio jina wala fulana zao, ni nini kinatokea kwa mtu wa mwisho. Watumie ujumbe kabla hujaenda, uliza vitu vitatu: grupu lenu la taratibu kabisa linakimbia spidi gani, mnakimbia umbali gani, na kuna mtu anayebaki nyuma na wa mwisho? Wakikujibu "dakika 6" maana yake ni dakika 6 kwa kila kilomita, yaani kilomita 5 kwa nusu saa, na kwa anayeanza hiyo ni kasi kubwa tu. Dakika 8 kwa kilomita ni dakika 40 kwa kilomita 5, hapo unaweza kuongea. Wakikujibu "njoo tu, wote wanakaribishwa" bila namba yoyote, uliza tena, kwasababu kila klabu inasema wote wanakaribishwa, na ya kweli utaijua kwa kuwa ina jibu la nani anakaa nyuma.

Kuna kisa nakipenda kuhusu hili. Mwaka 1962 Bill Bowerman, kocha mkubwa wa riadha wa Marekani, alimtembelea kocha mwenzake Arthur Lydiard huko New Zealand. Lydiard akamchukua Jumapili kwenda kukimbia na klabu ya watu wa kawaida, wazee na akina mama wamo. Bowerman, kocha mzima, akaachwa nyuma hoi. Aliyepunguza mwendo akakaa naye akimpigisha stori njia nzima alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70 ambaye alishapata shambulio la moyo zaidi ya mara moja. Bowerman aliporudi kwao akaanzisha mazoezi kama yale kwa watu wa kawaida. Klabu yenye mzee kama yule ndo unayoitafuta, hata kama haina mabingwa.

Kama sehemu ulipo kuna parkrun, hiyo nayo ni njia rahisi ya kuonja kukimbia na watu. Ilianza tarehe 2 Oktoba 2004 kwenye bustani ya Bushy Park, London, na wakimbiaji 13 tu, sasa ipo nchi nyingi, ni kilomita 5, ni bure, na kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kumaliza wa mwisho, kwahiyo hata ukitembea mwanzo mwisho hauwi wa mwisho. Sio klabu, lakini waliovaa fulana za klabu za jirani utawaona pale pale, waulize.

Siku ya kwanza klabuni fika dakika 10 au 15 kabla, mtafute kiongozi umwambie mimi mgeni, nakimbia taratibu, sijawahi kukimbia na grupu. Usione haya, hiyo taarifa inamsaidia yeye kukupanga. Chagua grupu la chini kuliko unavyodhani unastahili, maana kupanda wiki ijayo ni rahisi kuliko kukata pumzi leo mbele za watu. Spiki za masikioni acha nyumbani, msikilize anayeita gari au shimo. Msikimbie mmejipanga watatu wanne mkaziba njia ya wengine. Na ukitaka kukatisha urudi, mwambie mtu, usiyeyuke tu, watakutafuta gizani. Klabu nyingi zinamruhusu mgeni kuja mara kadhaa kabla ya kulipa ada, kwahiyo usilipe siku hiyo hiyo kwa mzuka, nenda kwanza uone kama wiki ya pili wanakumbuka jina lako.

Zoezi la uwanjani, yaani kukimbia vipande vya kasi na kupumzika katikati, linaogopwa bure. Wageni wanakimbilia mbio ndefu za barabarani wakidhani ni nafuu, kumbe barabarani ndo unaachwa kilomita mbili nyuma peke yako, uwanjani wote mnazunguka duara moja la mita 400, aliyekupita utamuona tena baada ya dakika chache na hamna anayejua nani yuko mzunguko wa ngapi. Mwambie kocha unafanya nusu ya zoezi, anaelewa. Pasheni misuli moto pamoja, laini ya ndani kabisa waachie wanaokimbia kasi, ukimaliza kipande chako toka pembeni usisimame katikati. Ila kama bado hujafika miezi miwili mitatu ya kukimbia taratibu, hizo mbio za kasi ziache kwanza, kwasababu ya yale mambo ya kano niliyosema juu.

Hatari ya klabu nayo ipo, ni kunogewa. Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio za kasi, Jumapili ndefu, na kila siku unajikuta unakimbia spidi ya mwenzako sio yako. Anza na siku moja ya klabu, zikizidi sana mbili, siku inayobaki kimbia peke yako pole pole. Na kutakuwa na mtu, kila klabu anaye, atakayekwambia mwezi ujao kuna nusu maratoni jiandikishe twende wote. Nusu maratoni ni kilomita 21 na ushee. Mwambie asante, jiandikishe ya kilomita 5, yeye mpigie makofi akimaliza yake.

Ukiugua au kazi zikakubana ukapotea wiki tatu, usianze kujificha ukipita karibu nao wala kuandika maelezo marefu kwenye grupu la WhatsApp. Rudi siku ya kawaida, kaa grupu la chini wiki moja mbili, changanya kukimbia na kutembea mpaka pumzi irudi. Wenzako nao walishapotea, hamna atakayekudai barua ya ruhusa.