Kuanzisha darasa la muziki mtaani: klasiki na jazz, watoto mpaka wazee

Watu wengi wakiskia shule ya muziki wanawaza jengo, piano kubwa na vyombo vya mamilioni, wanakata tamaa kabla hata ya kuanza. Mi nasema hivi, kama mtaani kwako kuna kwaya basi nusu ya shule unayo tayari, kilichobaki ni kuipanga. Ghetto Classics, mradi wa muziki wa vijana pale Korogocho, Nairobi, walianza 2008 kwenye eneo la kanisa katoliki jirani kabisa na dampo la Dandora, na vijana wao wanapiga okestra na jazz pia. Zanzibar nako DCMA (Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki) ilianza 2002, taarab na jazz vinafundishwa shule hiyohiyo. Kwahiyo inawezekana.

Usikimbilie kununua vyombo, anza na solfa, yani kuimba kwa do re mi. Wanakwaya wetu wengi wanaisoma vizuri tu, ile d r m f s l t ambayo John Curwen aliieneza Uingereza karne ya 19 na wamisionari wakaja nayo huku, ila wakishaona karatasi ya mistari mitano (noti za kizungu) wanajiona hawajui kitu, na walimu wengine wanawaambia kabisa waisahau solfa. Hapo siwaungi mkono hata kidogo. Mtu mwenye do inayohama kichwani, yani do inayoweza kukaa kwenye sauti yoyote, ameshajua kuhamisha wimbo toka kii moja (sauti ambayo do imekaa) kwenda nyingine, na hiyo ndo kazi mwanajazz anaifanya kila siku.

Jaribu hivi jioni ya kwanza. Blues ya baa 12 (baa ni kipande cha wimbo, hapa cha mapigo manne): baa nne za kwanza mnakaa do, mbili fa, mbili mnarudi do, moja so, moja fa, mbili za mwisho do. Besi waimbe hizo tu. Soprano wape mi, alto wape ta (yani ti iliyoshushwa nusu hatua, kibonye kimoja cha piano). Besi wakienda fa, soprano anashuka nusu hatua tu, mi inakua ma, na alto naye nusu hatua tu, ta inakua la. Besi wakienda so, kila mmoja anapanda nusu kutoka pale alipokua kwenye do, mi inakua fa na ta inakua ti. Basi. Hapo hakuna aliyeshika chombo na tayari mna blues yenye kodi za saba (sauti zinazolia pamoja, ile ya saba ikiwemo), utaona watu wanaangaliana wanacheka kwa furaha maana hawakutegemea. Mkiizoea, mmoja mmoja atoke aimbe chochote juu yake akitumia do re mi so la, wengine waendelee chini. Ndo kuimprovaizi kwenyewe huko, usisubiri mtu afike gredi ya nne ya mitihani ya muziki ndo umruhusu.

Klasiki nayo ipitie hukohuko. Chukua korali moja (wimbo wa kanisa) ya Bach, mtunzi wa Ujerumani, ya sauti nne, iimbeni kwa solfa mpaka ikae, halafu ndo uwawekee mistari mbele waione sauti wanayoijua ikiwa imeandikwa. Kusoma kitu ambacho sikio limeshakijua ni rahisi mara kumi.

Vyombo sasa. Rekoda (ile filimbi ya kupuliza) kwa watoto wadogo, bei yake haiumi. Fidla zina saizi, mtoto usimpe kubwa eti atakua nayo, mwambie anyooshe mkono wa kushoto, kichwa cha fidla kiishie kwenye kiganja na kiwiko kibaki kimelegea kidogo, kama anajinyoosha kukifikia mpe saizi ya chini yake, robo, nusu au robo tatu. Na kwa sie wa pwani, usiiache kwenye gari wala karibu na dirisha la jua, joto na unyevu vinaachanisha gundi na mbao zinafunguka pembeni. Tarumbeta subiri meno ya mbele ya utu uzima yatoke. Kile kipande cha kuweka mdomoni kila mtu awe na chake, hata kama tarumbeta lenyewe ni la kuazimana, na kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

Kitu kinachovuruga mazoezi ya pamoja ni kii. Tarumbeta, klarineti ya kawaida na saksafoni ya tenor zikisoma C inatoka Bb (B iliyoshushwa nusu hatua) ya piano, saksafoni alto ikisoma C inatoka Eb. Wapuliza wanapenda Bb, wa fidla wanapenda D na A, mkiwaachia watagombana. Mi huanza na F ya piano: tarumbeta anasoma G, alto anasoma D, fidla ana flati (noti iliyoshushwa nusu hatua) moja tu. Kila mtu anavumilia kidogo.

Walimu wapo, tafuta wastaafu wa bendi za polisi na jeshi, na wale wazee waliopuliza kwenye bendi za dansi enzi hizo. Nenda nyumbani kwa mzee kwa heshima, shikamoo kwanza, mwambie unataka vijana wapate alichonacho, sio umpigie simu ukianza na hela. Nauli yake lakini ilipwe kila wiki bila kukumbushwa.

Watu wazima wana aibu ya kukosea mbele ya watoto, kwahiyo masomo yao yawe jioni peke yao, ila siku ya bendi wakae wote pamoja, mama wa miaka 50 na mtoto wa miaka 9 mstari mmoja. Na waambie wote, dakika 20 kila siku zinashinda masaa matatu ya jumamosi.

Ada panga mwenye kazi alipe zaidi ya mtoto. Vyombo viwe na daftari la kuazima, jina, simu ya mzazi, hali ya chombo kikitoka na kikirudi, na tarehe ya onesho la kwanza itangazeni mapema, miezi mitatu inatosha, nyimbo tatu tu, blues yenu ikiwemo.