Kudhibiti joto la maji katika tangi dogo la kamba

Tangi la lita 20 hupata joto na kupoa upesi kuliko la lita 100, na kwa kamba wadogo wa maji yasiyo na chumvi, hasa wale wekundu wa jenasi ya Neocaridina, badiliko la ghafla hudhuru zaidi kuliko joto lililozidi au kupungua kidogo lakini likadumu palepale. Nyuzi 22 hadi 24 za Selsiasi zinawafaa.

Kabla ya kununua kifaa chochote, soma kipimajoto alfajiri na alasiri kwa siku kadhaa, kwani mara nyingi chanzo ni dirisha linalopitisha jua au kiyoyozi kinachopuliza kwenye kioo, na kulihamisha tangi kunatosha. Kipimajoto kikae mbali na hita, la sivyo kitapima joto la pale tu.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, imo katika kubadilisha maji. Badilisha takriban asilimia 10 kwa mara moja, maji mapya yakiwa yamelingana joto na ya tangini, nayo yaingie kwa matone kupitia mpira mwembamba uliofungwa fundo, kwa sababu kamba wakimiminiwa maji ya baridi kwa mkupuo huweza kujivua gamba kabla ya wakati na kufa.

Joto likizidi, feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyapoza kwa uvukizi, ingawa itakubidi uondoe kifuniko na kufidia maji yaliyopotea kwa maji yasiyo na madini. Usitumbukize barafu.