Homa yenye tarehe, na degedege lisilo na tarehe

Kalenda ya chumbani kwetu ina miduara myekundu kila baada ya siku 26, 27, 28 hivi. Ni homa za mwanangu. Ana PFAPA, homa ya vipindi: inapanda hadi nyuzi 40, koo linawaka, vidonda mdomoni, tezi za shingo zinavimba. Siku nne au tano baadaye anaamka anarukaruka utadhani hajawahi kuumwa. Mara mbili homa hiyo imekuja na degedege.

Mara ya kwanza nilimtia kijiko mdomoni. Niliambulia ufizi unaovuja damu, na jino nusura ling'oke. Hakuna mtoto anayemeza ulimi wake. Mdomoni usitie kitu: si kijiko, si kidole, si maji, si dawa ya kunywa.

Mara ya pili nilikuwa nimeshafundishwa. Alikuwa mapajani kwangu, macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kurusharusha. Nilimlaza sakafuni mbali na miguu ya meza, nikamgeuza ubavu ili mate na matapishi yatoke, nikamfungua vifungo vya shingoni. Sikumbana kwa nguvu. Nikatazama saa. Hili la saa ndilo gumu kuliko yote; ningeulizwa baadaye ningeapa ni dakika kumi. Zilikuwa dakika 2 na sekunde 10. Baba yake alirekodi kwa simu, nami nikamkasirikia, lakini video ile ilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote.

Likifika dakika 5 halijakoma, ita gari la wagonjwa. Kama daktari alishakupa diazepamu ya kuweka njia ya haja kubwa au midazolamu ya kuweka ndani ya shavu, wakati wake ndio huo. Usingoje dakika 5 ikiwa anashindwa kupumua. Na mpeleke hospitali haraka kama ni degedege lake la kwanza, limerudi ndani ya saa 24, limeshika upande mmoja tu wa mwili, shingo imekaza, au hazindukani vizuri. Usingizi mfupi baada ya degedege ni kawaida.

Siku mbili kabla ya duara jekundu, namwonya mwalimu wake, naangalia betri ya kipimajoto, na kumpima uzito, maana dawa huenda kwa kilo: parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, yeye ana kilo 14, basi 210. Nampa ili apumzike na anywe maji. Zamani nilikesha nikidhani dozi nikiikosa ndipo degedege litakuja. Dawa ya homa haizuii degedege, na wakati mwingine degedege hutangulia, homa unaigundua baadaye. Kwa hiyo acha kujilaumu. Maji baridi ya kumkandia nayo tuliyaacha, yanamtetemesha bure.

Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini, dozi moja kwa maelekezo ya daktari, humkata homa ndani ya saa chache. Ubaya wake ni kwamba vipindi vinaweza kukaribiana. Kwetu vilitoka siku 28 hadi 20, tukaamua kuitunza kwa vipindi vibaya tu.

Jambo linalonitisha sasa ni kuizoea homa. Iliwahi kuja siku ya 11 tu tangu homa iliyotangulia. Nikasema, aah, imewahi. Koo lilikuwa safi, vidonda hakuna, ila alikuwa analia akikojoa, na mimi nikapoteza siku nzima nikingoja iishe yenyewe. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Tangu hapo homa isiyofuata tarehe, au inayokuja na kikohozi, kuhara au upele, inapimwa kama homa ya mtoto yeyote. Na penye malaria, anapimwa malaria hata tarehe ikilingana. Siku ile ya 11 niliizungushia duara la bluu.