Somo: Namna ya kuchagua glita inayooza kwa ajili ya uso na mwili

Glita nyingi tunazopaka ni utando mwembamba wa plastiki ya PET, ile inayotengenezewa chupa za maji, uliopakwa alumini ili urudishe mwanga, ukatiwa rangi, kisha ukakatwakatwa vipande vidogo, mara nyingi vya pembe sita. Kila kipande ni mikroplastiki, yaani chembe ndogo sana ya plastiki, tangu kinapotoka kiwandani. Ukinawa uso, vinaondoka na maji, na hakuna atakayeviokota tena. Umoja wa Ulaya umezuia kuuza glita ya plastiki ya kazi za mikono tangu tarehe 17 Oktoba 2023, ila vipodozi vimepewa muda mrefu zaidi: vile vya kubaki kwenye ngozi hadi 2029, na vya kupamba uso, midomo na kucha hadi 2035. Kwa hiyo glita ya plastiki bado itakuwepo madukani kwa miaka kadhaa, na anayepaswa kuwa macho ni wewe mnunuzi.

Kabla hujatoa pesa, tenganisha maswali mawili ambayo matangazo hupenda kuyachanganya. Je, itaoza? Na je, inafaa kwa ngozi? Jibu la moja halikupi jibu la lingine. Ipo glita inayooza vizuri kabisa lakini imetengenezwa kwa ajili ya mishumaa na kadi, na rangi zake hazikuchaguliwa kwa ngozi ya mtu. Ipo pia glita ya vipodozi isiyodhuru uso, lakini ni plastiki tupu. Tunayoitaka ni ile inayofaulu mitihani yote miwili.

Hatua ya kwanza: geuza pakiti

Upande wa mbele ni wa matangazo. Ukweli uko nyuma, kwenye orodha ya viambato. Pakiti isiyo na orodha hiyo irudishe rafuni, hata kama imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni rafiki wa mazingira.

Viambato huanza na kile kilicho kingi zaidi. Ukikuta "Polyethylene Terephthalate" mwanzoni, hiyo ni PET, umemaliza kusoma. Unachotafuta ni "Regenerated Cellulose", "Cellulose" au "Rayon". Hiyo ni selulosi, nyuzi za mti, na mara nyingi mti wenyewe ni mkaratusi.

Usiishie hapo, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Glita za kwanza za selulosi zilikuwa na kiini cha mti lakini zikapakwa tabaka jembamba la plastiki juu ili kulinda alumini na rangi. Bado zipo. Ukiona "Styrene/Acrylates Copolymer", "Acrylates Copolymer" au "Polyurethane" chini ya selulosi, ujue sehemu yake ni plastiki. Mimi siinunui nikijua kuna toleo lisilo na tabaka hilo, na siku hizi lipo.

Namba za CI zisikutishe, ni rangi tu. CI 77000 ni alumini, CI 77891 ni titani dioksidi, CI 77491 ni oksidi ya chuma. Kama wewe hupati raha na rangi fulani kwenye vipodozi vingine, iandike namba yake mahali uwe unailinganisha. CI 75470, kwa mfano, ni kamini, rangi nyekundu itokanayo na wadudu. Kuna watu inawaletea mzio, na wasiotumia vitu vya wanyama huikwepa.

Hatua ya pili: uliza inaozea wapi

Neno "inaoza" peke yake halina uzito. Plastiki ya PLA, itokanayo na wanga wa mimea, huuzwa kwa jina hilo, lakini inahitaji joto la karibu nyuzi 60 katika mitambo ya kutengeneza mboji. Ikiingia mtoni au baharini itakaa muda mrefu sana.

Glita ya mwilini huishia majini, basi uthibitisho wenye maana ni ule wa majini. Tafuta alama ya "OK biodegradable WATER" inayotolewa na TÜV Austria, shirika la kupima na kuthibitisha bidhaa. Ili kuipata, bidhaa lazima ioze kwa asilimia 90 ndani ya siku 56 katika maji yasiyo na chumvi yenye joto la kawaida, nyuzi 20 hadi 25. Hakikisha alama imetolewa kwa glita yenyewe, kwa sababu wapo wanaopata cheti cha utando mtupu kabla haujapakwa rangi na chochote kingine.

Kuhusu maika, unga unaong'aa ambao nao hupakwa usoni: haiozi, kwa kuwa ni madini kama mchanga, na wala si plastiki. Hung'aa kwa upole kuliko glita na ni laini usoni. Tatizo lake liko machimboni. Katika majimbo ya Jharkhand na Bihar nchini India, watoto wamekuwa wakichimba na kuokota maika kwa miaka mingi. Ndiyo sababu napendelea ile ya maabara, ambayo kwenye lebo huitwa "Synthetic Fluorphlogopite".

Hatua ya tatu: ukubwa wa chembe

Vipande vikubwa vya milimita moja na zaidi viache kwa mabega, mikono na nywele. Mashavuni tumia vya wastani. Karibu na macho tumia tu glita iliyoandikwa kwamba inafaa kwa eneo la macho, iliyo laini kabisa, na usiipitishe ukingo wa kope. Kipande chenye ncha kikiingia jichoni kinaweza kukwaruza konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Kikiingia, osha jicho kwa maji safi mengi, usilifikiche. Maumivu au ukungu ukiendelea, nenda kwa daktari wa macho.

Hatua ya nne: jaribu kwanza

Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, acha siku mbili. Jaribu gundi au jeli peke yake mkono mmoja, na mkono wa pili jeli pamoja na glita. Mara nyingi kinachowasha ni manukato ya jeli, na usipotenganisha utaitupa glita isiyo na kosa.

Hatua ya tano: kubandika na kuondoa

Selulosi hunywa maji na kulainika. Usichanganye glita na jeli ya mshubiri ukaihifadhi kwenye kikopo. Itapoteza umbo na mng'ao. Paka jeli kwanza, kisha bandika glita papo hapo kwa kidole au brashi. Mafuta ya mgando, tabaka jembamba, nayo yanashika vizuri.

Kuondoa: paka mafuta laini, subiri kidogo, kisha bana kwa karatasi laini na kunyanyua. Usisugue. Karatasi iende kwenye pipa la taka.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, ahsante kwa somo. Kama inaozea majini, si naweza kuoga tu ikaondoka?

Karibu, mdogo wangu. Futa kwanza, ndipo uoge. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin, Uingereza, waliweka aina mbalimbali za glita kwenye maji yasiyo na chumvi kwa siku 36, ikiwemo ya selulosi na ya maika. Mizizi ya mimea midogo inayoelea ilipungua urefu kwa karibu nusu, hata palipokuwa na glita zisizo za PET. Kuoza kunapunguza muda wa madhara, hakuyafuti.

Mwalimu, nina ya kazi za mikono nyumbani. Nikiipaka mara moja tu?

Hapana, ndugu yangu. Kingo zake zinaweza kuwa kali, na rangi zake hazikukusudiwa kugusa ngozi. Hiyo mara moja inatosha kukuletea vipele, au mkwaruzo jichoni.

Nina ukurutu shingoni na chunusi kidogo. Nijinyime kabisa?

Usipake mahali palipochubuka, panapowasha au penye chunusi zilizopasuka. Sehemu nyingine nzima unaweza, baada ya jaribio la siku mbili. Gundi ya kope iepuke kama una mzio wa mpira, baadhi yake ina lateksi.

Yangu ya selulosi imeacha rangi ya waridi shavuni. Imeharibika?

Jasho au jeli imeyeyusha rangi kidogo. Mafuta laini yataitoa. Siku ya joto chagua ya fedha au dhahabu iliyopauka, doa lake halionekani sana.

Na midomoni je, dada?

Ile tu iliyoandikwa kwamba inafaa kwa midomo. Usipake kabla ya kula, maana glita ya vipodozi haijatengenezwa ili imezwe. Watoto wadogo wasipakwe karibu na mdomo na pua hata kidogo, na wewe ndiye ufungue kikopo, mbali na feni.