Umehamia Mombasa? Hivi ndivyo utakavyopata pa kufanyia mazoezi na watu wa kucheza nao

Nilivuka mpaka kutoka Horohoro kuingia Lungalunga nikiwa na begi la nguo, paspoti na raba zangu za netiboli. Mimi ni mtu wa Tanga, nimecheza senta tangu shule ya msingi, na nilidhani mji mkubwa kama Mombasa hautakosa kiwanja cha netiboli cha watu wazima jirani na kwangu. Wiki tatu nzima niliuliza, sikukipata. Nikajifungia ndani, mgongo ukaanza kuuma, upweke wa ugenini ukanikaa kifuani.

Kosa langu lilikuwa kuuliza "wapi?" Hapa uliza kwanza "saa ngapi, na kina nani?" Kiwanja kile kile alfajiri ni cha wakimbiaji, adhuhuri hakina mtu, alasiri kimejaa vijana wa mpira. Ukifika saa isiyo yake utarudi ukisema Mombasa hakuna michezo. Ninaandika kwa Mtanzania, Mganda, Mkongomani au Mrundi aliyehamia hapa kikazi, kimasomo au kwa ndoa, asije akapoteza miezi kama nilivyopoteza mimi.

Hatua ya 1: Hesabu maji utakayovuka

Mombasa mjini ni kisiwa. Kusini unavuka kwa feri ya Likoni, kaskazini kwa Daraja la Nyali, magharibi unapita Makupa kuelekea Changamwe. Mimi nilipanga chumba Likoni kisha nikalipia mazoezi Bamburi. Kila safari ilikuwa feri, kisha matatu ya kukata mji mzima, kisha daraja na foleni yake ya jioni. Siku kumi tu zikanishinda.

Sasa namwambia kila mgeni: kati ya nyumba yako na mazoezi yako, vuka maji mara moja tu, na ikiwezekana usivuke kabisa. Ukiishi kisiwani, anza na Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, kwa kutembea na kukimbia, na kiwanja cha Tononoka kwa mpira. Ukiwa Kongowea, Nyali au Bamburi, una Uwanja wa Mbuzi, una ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wenyeji wanauita Pirates, na una hifadhi ya Nguuni kwa mbio na baiskeli. Ukiwa Likoni una ufuo wa Shelly mlangoni.

Hatua ya 2: Jifunze saa za jua, za swala na za bahari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapoumia.

Jua kwanza. Tarehe 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa amechukua mbio ndefu miaka mitano mfululizo, alishindwa na joto na unyevu, akajitoa kabla ya kumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Ikiwa Machi ya Mombasa ilimtoa Bekele, wewe uliyetoka Arusha au Kigali wiki iliyopita usikimbie saa tatu asubuhi. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, uwe umemaliza kabla ya saa moja na nusu. Wiki mbili za mwanzo punguza mwendo na umbali hadi nusu ya ulivyozoea kwenu. Kunywa maji kabla ya kiu. Upepo wa kusi, ule utokao kusini, ukishashika, mwezi wa sita na wa saba, utajiona umepata mapafu mapya.

Kisha swala. Mpira wa jioni huanza baada ya Alasiri na huisha Magharibi ikiadhiniwa, hata kama mechi ni sare na kila mtu anataka bao moja zaidi. Mwezi wa Ramadhani ratiba hugeuka: mechi nyingi huhamia usiku baada ya swala ya tarawehe, penye taa. Kama wewe hufungi, usisimame kando ya kiwanja na chupa ya maji mdomoni mchana wa Ramadhani. Hakuna atakayekufukuza, lakini watu wataliona.

Bahari sasa. Mpira wa ufuoni unataka mchanga mgumu uliolowa, nao hupatikana maji yakipwa, yaani bahari ikirudi nyuma. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari ijaapo na kupwa kwa wingi, maji ya Mombasa hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni na hupwa mnamo saa nne au tano asubuhi. Kwa hiyo jioni ya bamvua ufuo hauchezeki, ila kuogelea ni kuzuri. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja hali inakuwa kinyume: jioni maji yako chini, ingawa hayatoki mbali, kwa kuwa ni maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu. Mimi naangalia kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani kwa jirani. Tarehe 1 hadi 3 za mwezi wa Kiislamu, na 14 hadi 17, jioni naogelea. Tarehe 7 hadi 9, na 21 hadi 23, jioni tunacheza mchangani.

Kuogelea kwenyewe, ogelea kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe upande wa Nyali na Bamburi, maji yakijaa, na usiwe peke yako. Usiingie majini pale Mama Ngina wala karibu na feri, hata ukiona vijana wanarukia. Ule ni mlango wa meli na mkondo wake una nguvu sana.

Hatua ya 3: Nenda mara tatu bila kuomba kucheza

Chagua kiwanja kimoja na saa moja. Siku ya kwanza simama kando, tazama, amkia watu. Jioni "masalkheri" inafungua mlango kuliko "mambo", hasa kwa wazee waliokaa pembeni, na wazee hao ndio wanaojua timu ipi imepungukiwa. Siku ya pili rudia saa ile ile. Siku ya tatu vaa tayari, kisha sema wazi, kwa mfano:

"Kaka, mimi ni mgeni hapa, nimetoka Tanga. Nacheza beki. Mkipungukiwa mtu, nipo."

Taja nafasi unayocheza. Usijisifu, na usiitaje ligi uliyochezea kwenu hadi uulizwe. Maneno nayo yatakuchanganya: viatu vya mpira sisi tunasema daluga, hapa ni njumu.

Njia hii ndiyo iliyonipatia wenzangu. Siku ya tatu pale Mama Ngina mama mmoja wa makamo, amevaa buibui na raba, aliniambia, "Mwanangu, kila siku wakimbia peke yako, kwani watoroka nani? Njoo twende sote." Kundi lake lina wanawake kumi na moja, na humo nikampata mwalimu aliyenipeleka kwenye netiboli ya walimu wenzake Jumamosi. Kiwanja nilichokitafuta wiki tatu kilikuwa ndani ya ukuta wa shule. Nisingekiona barabarani.

Dada zangu, nguo pana zinazofunika goti zitakupunguzia macho mjini, na alfajiri nenda na mwenzio.

Hatua ya 4: Lipa kidogo kidogo

Sajili laini ya simu kwa paspoti yako mapema ufungue M-Pesa, maana michango ya mpira, maji na kiwanja hupitia huko. Kwenye jimu, lipa siku moja kwanza, tena uende saa ile utakayokuwa ukienda kila siku. Tazama kama feni zinafanya kazi na kama kuna saa za wanawake. Mimi nililipa miezi mitatu kwa mkupuo kwenye jimu moja ya mtaani, mwezi wa pili nikakuta kufuli. Pesa yangu haikurudi.

Hatua ya 5: Klabu, ukiwa na sababu

Ukitaka kriketi, raga, magongo au tenisi, mitaani utahangaika. Nenda Mombasa Sports Club, ambayo ipo tangu 1896. Klabu za zamani kwa kawaida hutaka mwanachama akudhamini, basi uliza kwanza kuhusu kuingia kama mgeni wa siku, na uliza siku timu inayokuhusu inafanya mazoezi. Mpenzi wa soka asikose uwanja wa Mbaraki siku timu ya Bandari inapocheza nyumbani. Mashabiki wanaokaa nawe jukwaani wana timu zao za mtaani za wikendi. Kwa mpira wa kikapu, timu za KPA, yaani Mamlaka ya Bandari ya Kenya, hufanyia mazoezi ukumbi wa Makande. Nenda ukatazame, kisha waulize vijana waliokaa pembeni wao huchezea wapi.

Hatua ya 6: Beba kitu

Ukishakubaliwa, mwezi wa kwanza usiende mikono mitupu. Barafu na madumu ya maji huletwa kwa zamu, na mgeni hapangiwi zamu, ni lazima ajitolee. Nilipoleta pampu ya mpira, ya kawaida tu ya dukani, walimu wale waliacha kuniita "yule Mtanzania" wakaanza kuniita kwa jina. Jumamosi hii zamu ya barafu ni yangu, na mvua ikinyesha tunaanza saa moja baadaye.