Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kutibiwa usikivu

Jambo la kwanza, na ndilo wengi wa huku kwetu wanaliruka, ni kujua sikio limeharibika wapi. Mtu anatoka Kongwa au Mpwapwa ameshauza mbuzi, anashuka Dodoma mjini anaulizia "ile operesheni ya masikio". Operesheni za masikio ni nyingi, na kila moja ina ugonjwa wake. Tatizo likiwa kwenye tundu la nje, kwenye ngoma ya sikio au kwenye vile vifupa vitatu vilivyo nyuma yake, sauti inakwama njiani, na hapo mara nyingi daktari ana la kufanya. Likiwa ndani zaidi, kwenye koklea, ile sehemu iliyojikunja kama konokono, habari ni nyingine. Vinyweleo vya mle vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena, na hakuna matone wala mizizi ya kuvirudisha, hata muuzaji apaze sauti vipi pale stendi.

Kwa hiyo anza na zahanati ya karibu, sikio limulikwe. Mama yangu mdogo alikuwa "kiziwi" mwaka mzima. Televisheni ilifunguliwa sauti hadi majirani wakawa wanasikilizia taarifa ya habari kwao bila kuwasha ya kwao. Muuguzi alimpa matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, akarudi, akapigwa maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, na kwenye kibakuli ikadondoka nta nyeusi kama mbegu ya ukwaju. Akatugeukia: "Mbona mnanipigia kelele?" Ila maji hayapigwi kabla sikio halijatazamwa, maana ngoma ikiwa imetoboka unapeleka uchafu ndani. Na tuache njiti za kiberiti na mafuta ya moto.

Sikio linalotoa usaha miezi na miezi lisionekane la kawaida eti kwa sababu mtoto amelizoea. Kwanza hukaushwa kwa dawa, kisha tundu kwenye ngoma linaweza kuzibwa kwa utando unaochukuliwa kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi juu tu ya sikio. Wakati mwingine nyuma ya usaha kuna ngozi iliyoota pasipo pake na inakula mfupa. Hapo daktari anapasua ili maradhi yasifike kwenye ubongo, na usikivu unakuja baadaye, au hauji. Muulize kabla hujatia sahihi: lengo ni kuondoa ugonjwa, au ni kusikia? Nimeona familia ikilalamika kwamba operesheni "imeshindikana" wakati ilifanya kazi yake yote.

Kuna hali moja isiyosubiri mnada upite. Sikio lililokuwa zima likizima ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, nenda siku hiyo hiyo. Dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe, husaidia zaidi zikianza mapema, na baada ya wiki mbili nafasi inapungua sana.

Unapokwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, iwe Hospitali ya Benjamin Mkapa au ya rufaa ya mkoa, beba kumbukumbu za dawa. Sindano za gentamaisini na streptomaisini, na kanamaisini iliyotumika kwa kifua kikuu sugu, zinaweza kuua usikivu. Kwinini nayo huvuruga masikio. Kama mtoto aliugua homa ya uti wa mgongo, taja tarehe. Baada ya ugonjwa huo koklea inaweza kuanza kugeuka mfupa, na kile kifaa cha kusikia kinachopandikizwa humo kikikosa pa kupita, upasuaji unakuwa mgumu.

Ambaye koklea yake imechoka hujaribu shimesikio kwanza, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni. Likishindwa ndipo inazungumzwa habari ya kupandikiza kifaa ndani ya koklea. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, walianza upasuaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakipelekwa nje, India hasa. Kabla ya kupasuliwa kuna picha za kuonyesha kama koklea na mshipa wa fahamu vipo sawa, na kuna chanjo ya kukinga homa ya uti wa mgongo. Mtoto aliyezaliwa hasikii anafaidika zaidi akiwahi, hasa kabla ya miaka mitatu. Mtu mzima ambaye hakuwahi kusikia hupata kidogo mno, na asidanganywe. Wala usimkataze mtoto lugha ya alama mkingoja. Pale Kigwe, wilayani Bahi, kuna shule ya msingi ya viziwi, na watoto wanazungumza kwa mikono yao mpaka unawaonea wivu.

Jiandae na zile wiki za ukimya. Kifaa hakiwashwi siku ya upasuaji. Kidonda hupona kwanza. Siku ya mpwa wangu kuwashiwa tulikuwa tumeshika simu tayari kurekodi kicheko. Mtaalamu akabonyeza kompyuta, mtoto akaacha kutafuna biskuti, akamtazama mama yake, akaangua kilio. Miezi ikapita kabla hajageuka akiitwa jina lake, na miezi hiyo yote ni mazoezi ya kusema, kila siku, jikoni, kuitaja sufuria na mwiko na maji.

Fedha basi. Waulize watu wa bima wakuandikie wanachobeba: kifaa chenyewe, kile cha nje kinachovaliwa nyuma ya sikio, matengenezo, betri. Treni ya SGR imefupisha safari ya Dar, lakini kurekebishiwa sauti ni safari nyingi mwaka wa kwanza, na kila safari ina nauli ya watu wawili na pa kulala. Kijijini kusiko na umeme, pangeni mapema betri zitachajiwa kwa nani. Vumbi letu la Agosti nalo ni adui. Dada yangu hukifuta kifaa kila jioni kwa kitambaa kikavu na kukilaza kwenye kopo lenye kifuniko. Ule waya mwembamba unaokwenda kwenye sumaku ya kichwani ulikatika mara ya kwanza mtoto akicheza kombolela. Tangu hapo dada harudi kutoka Dar bila waya wa akiba.