Jinsi ya kufanya pafomansi ya doti isiyokatwa hapa Dar

Ukitaka kupinga kitu huna lazima ya kuanza na bango, anza na kanga, maana Dar nzima inajua kusoma kanga, ujumbe unafika na hakuna wa kukwambia umemtaja. Nenda Kariakoo mtaa wa Uhuru, rangi baadae, soma jina kwanza. "Kila ndege huruka na ubawa wake" inatosha kabisa. Na usikubali ikatwe! We unataka doti nzima, kama mita 3 hivi, vipande viwili bado vimeshikana, kazi yote ipo hapo.

Wanawake wawili wanajifunga hiyo doti moja, huyu upande huu na yule upande ule, na pale katikati panapokatwaga pamebaki pazima. Wanasimama tu. Mbele yao mkeka, juu yake mkasi. Hakuna muziki, hakuna maelezo, watu hawaambiwi wafanye nini. Yoko Ono, msanii wa Kijapani, alishawapa watu mkasi kule Kyoto 1964, akakaa kimya wakamkata nguo kipande kipande. Hapa swali ni jingine: nani atainuka kuwatenganisha hawa, na nani kamtuma? Sisi makuchu, watu wa mapenzi ya jinsia moja, tunaujua huo mkasi, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinasema miaka 30 mpaka maisha kwa kuingiliana "kinyume cha maumbile", na 2018 mkuu wa mkoa alisimama hadharani akataka wananchi wapeleke majina ya mashoga.

Kusimama kunahitaji mazoezi kuliko watu wanavyodhani. Sethembile Msezane, msanii wa Afrika Kusini, alisimama karibu masaa manne Chuo Kikuu cha Cape Town tarehe 9 Aprili 2015, mabawa mikononi na viatu virefu, siku sanamu ya mkoloni Cecil Rhodes inang'olewa. Nyie anzeni na dakika kumi, peku, magoti msiyakaze, mle kabla, na joto letu hili maji yawe karibu.

Mkasi uwe ule wa watoto wa shule wenye ncha butu, na mtu mmoja mnayemwamini akae pembeni ya mkeka muda wote. Mkubaliane ishara, mfano mmoja akiachia pindo basi imeisha hapohapo hata kama ni dakika ya pili. Mtu akikata, mwacheni akate, halafu nyie mnachukua zile ncha mbili mnafunga fundo mnaendelea kusimama. Asipokata mtu mnatoka hivyohivyo mmefungwa pamoja.

Sasa usalama, na hapa sitaki mtu afanye mzaha. Ukumbi wa wazi una mambo ya kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa hiyo mi nasema sebuleni au uani kwa mtu, watu walioalikwa kwa mdomo, siyo kwenye grupu la WhatsApp. Simu zote kwenye beseni mlangoni, hata ya rafiki yako wa damu. Mkitaka kumbukumbu pigeni picha ya kanga na miguu basi, sura hapana. Hao wawili wanaosimama wasilazimishwe kusema wao ni nani wala wanampenda nani, na mmoja akighairi asubuhi yake onesho linafutwa bila lawama. Namba ya mwanasheria mtu aikariri kichwani. Mkimaliza msitoke kundi, tokeni wawiliwawili kwa kupishana, bajaji ziitwe kutokea mtaa wa pili.